Tulivyotafuta kinachokata mawimbi ya terahertz Kamanga, na neno moja lililomrudisha kaka yangu ziwani

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Kila nikifika katikati naona bora ninyamaze. Leo nimeamua nauweka wote.

Nimebadilisha majina ya watu, basi. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, ingawa mbele mtaona hayo masikio yalinifanya nini.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mpanda minara. Elimu yangu ni form four, na matokeo yake tusiyaongelee. Nimezaliwa Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, sekondari nikasoma mjini, na tangu nilipomaliza sijawahi kutulia. Nimefunga antena Mtwara, Tunduma, Kigoma, na miaka mingi zaidi nimeimalizia Kigamboni. Sijawahi kukaa mahali mpaka nikajua majina ya watoto wa jirani.

Ajabu ni kwamba popote ninapokuwa naota nyumbani. Naota yale mawe yaliyopangana kama mtu aliyapanga akasahau kurudi. Naota harufu ya dagaa walioanikwa. Nikifika sasa, miezi michache tu, miguu inaanza kuwasha.

Ndivyo nilivyo. Nimeacha kujitetea.

Mwaka jana nikapigiwa simu na fundi mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi. Akasema kuna mradi wa chuo fulani Mwanza, wanataka mpanda minara anayejua ziwa na anayejua Kisukuma. Nikafunga begi siku hiyo hiyo.

Mkuu wa kazi alikuwa dada mmoja, tumwite Injinia Atu. Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole, ila ana macho ya mtu asiyedanganyika. Alikuwa anasomea shahada yake ya juu kabisa na mradi ule ndio ulikuwa kitabu chake cha kuhitimu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Nyamagana, juu ya duka la vitambaa la mzee wa Kihindi ambaye familia yake ipo Mwanza tangu enzi za babu yake. Kila asubuhi mzee huyo alikuwa anatuuliza, "Mtandao wenu ameamka, au bado amelala?" Injinia anajibu, "Ameamka mzee, ila ana mafua."

Sasa, terahertz ni nini? Najua kuna mdau atauliza, nieleze kama nilivyoelezwa mimi.

Mawimbi ya redio ya kawaida ni kama maji ya mtaro. Yanapinda kona, yanapenya ukuta, yanajitafutia njia. Ukipanda juu zaidi na zaidi unafika kwenye mawimbi ambayo yamekaribia kuwa mwanga. Hayo ndiyo terahertz. Yanabeba data nyingi kupita kiasi, lakini yanadeka kama mtoto wa mwisho. Hayapindi kona. Mvuke ulioko hewani unayanywa. Mvua yanaiogopa. Mwale wake ni mwembamba, antena ikisogea kidogo tu kwa upepo umeshaupoteza.

Kwa hiyo mradi haukuwa wa kutafuta spidi. Spidi ilikuwepo. Shida ilikuwa uhakika. Injinia Atu alikuwa akisema, "Kasi tunayo kaka Shija. Mimi natafuta kitu ambacho bibi yangu kule Tukuyu anaweza kukitegemea bila kuniita."

Na ndiyo maana walichagua ziwa. Kwamba kama mwale utasimama juu ya maji, penye mvuke, upepo na ukungu wa asubuhi, basi utasimama popote.

Karibu na gati la Kamanga ziwa linaingia ndani kidogo, linafanya kighuba. Tukafunga antena moja juu ya paa la ghala upande wa gati, nyingine kwenye mawe upande wa pili wa kighuba. Kati yake ni maji, kama kilomita moja hivi. Data ya majaribio inakwenda na kurudi, na sisi tunaiangalia kwenye laptop mjini.

Ilibaki kitu kimoja. Tulihitaji mtu wa kukaa kule kwenye mawe. Alinde vifaa, na link ikikatika aangalie ziwa atuambie nini kimepita.

Nikasema, huyo mtu ninaye.

Masanja ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo kwetu ni kaka yangu kabisa. Ndiye aliyenifundisha kuogelea. Maisha yake yote alikuwa mvuvi wa dagaa. Kabla sijarudi, mtumbwi wao ulipigwa na dhoruba ukapinduka. Masanja alishikilia dumu tupu la mafuta mpaka wenzao wakamkuta. Mmoja wa waliokuwa naye mtumbwini hakuonekana tena.

Mkewe, Mama Kulwa, alimwambia neno moja tu siku aliporudishwa. Kwamba ukiingia tena majini mimi ni mjane, usinisubirishe.

Masanja akaapa. Lakini mvuvi akikaa nchi kavu bila kazi anakuwa kama kuku aliyenyeshewa. Nilipomkuta alikuwa anashinda ukingoni anaangalia wenzake wakitengeneza nyavu, na wenzake wanamwita, "Masanja, njoo ushike kamba kidogo tu, si lazima uingie." Kidogo tu.

Kwa hiyo nielewane nanyi, wakuu. Kwa Injinia ile kazi ilikuwa shahada. Kwangu ilikuwa kibarua kama vibarua vingine. Kwa Masanja ile kazi ilikuwa na maana moja, kubaki nchi kavu.

Alianza vizuri sana. Tulimpa simu. Kwenye boksi la antena kulikuwa na taa ndogo, link ikiwa nzima ni ya kijani, ikikatika ni nyekundu. Yeye akiona nyekundu anaangalia ziwa, anatutumia voice note kwenye group.

Tatizo, Masanja alikuwa hajui kuanza habari katikati. Voice note yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Injinia, mwangaluka. Hapa hatujambo, sijui huko kwenu. Mama Kulwa anakusalimia, anasema ile dawa ya mafua imemsaidia. Sasa mimi nilikuwa nimeinuka kuchota maji, maana dumu lilikuwa limeisha, nikakutana na baba Njile tukasalimiana, ana ng'ombe wake amevunjika mguu, pole yake. Ndiyo narudi nakuta taa imekuwa nyekundu. Lakini ilikuwa inanyesha."

Injinia alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akampigia.

"Mzee Masanja, asante sana. Lakini kuanzia leo naomba neno moja tu. Kilichopita. Mvua, ukungu, chochote. Neno moja."

"Neno moja."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Haya. Nitaongea kama mtu anayelipia."

Na kweli akawa hivyo. Voice note zikaanza kuja za sekunde moja moja.

"Ukungu."

"Mvua."

"Nzi." Hapa alimaanisha wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Injinia hakuwahi kuwaona, akadhani ni nzi mmoja amekaa kwenye antena. Nikamwonyesha wingu lao kutoka dirishani kwetu, akasimama anaangalia.

Halafu likawepo neno jingine.

"Feli."

Mara ya kwanza hatukulijali. Link imefeli, sawa, hajaona sababu. Injinia akaingiza kwenye kompyuta: chanzo hakijulikani.

Likaja tena. Na tena. Mvua zilivyozidi kuchanganya, "feli" zikawa nyingi kuliko ukungu na mvua na nzi zikijumlishwa.

Wakuu, sijui kama mmewahi kufanya kazi na kitu kinachokufa bila sababu. Mvua ikikata mawimbi unajua adui ni nani, unapanga. Lakini hii ilikuwa inakufa kweupe, jua linawaka, ziwa limetulia. Inakata sekunde chache tu, ila mtambo ukishapoteza mwale unachukua muda mrefu kujitafuta upya. Walimu wa Injinia wakawa wanamwuliza kila wiki, hizi ambazo hazijulikani ni nini? Na yeye hana jibu.

Tukabadilisha nyaya. Tukabadilisha betri. Nikapanda ghalani kukaza boliti mpaka mikono ikaota sugu upya. Tukashuku joto, tukashuku mawimbi ya ziwa yanavyorudisha mwale. Pantoni ile inayovusha watu na magari tulishaipima tangu mwanzo, wakati wa kiangazi, ikapita chini ya mwale vizuri kabisa. Tukaitoa kwenye washukiwa.

Siku moja uvumilivu ukamwisha Injinia. Akapiga simu, akaweka sauti ya juu, mle ofisini tupo na vijana wengine wawili wa chuo.

"Mzee Masanja, ile ya asubuhi ilikuwa nini?"

"Feli."

"Najua imefeli, mzee. Taa tunaiona hata huku. Nauliza kwa nini."

"Feli, Injinia. Ndiyo hiyo."

"Imefeli kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya feli."

Vijana wakaanza kuinama chini ya meza. Injinia akashika paji la uso. Mimi nikachukua simu.

"Kaka, shikamoo. Mbona unatuzungusha? Feli siyo sababu."

"Marahaba mdogo wangu. Wewe upo hapo na unamwacha mwenzio anateseka? Mweleze bwana. Wewe feli si unaijua tangu unasoma?"

Pale wakuu ofisi nzima ililipuka. Hata Injinia alicheka, akajaribu kuficha kwa mkono.

Mimi sikucheka. Nilishawaambia matokeo yangu ya form four tusiyaongelee. Nikaona kaka yangu, mtu niliyemtafutia kazi, ananivua nguo mbele ya watu wa chuo kikuu. Nikamrudishia Injinia simu yake, nikashuka chini nikakaa na mzee wa vitambaa mpaka hasira ikapoa.

Sikumwuliza Masanja alimaanisha nini. Niliona nimeelewa.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Mkataba wa Masanja ulikuwa wa muda mfupi, ukafika mwisho. Injinia akaniita pembeni.

"Kaka Shija, ni ndugu yako, ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza. Mzee ni mtu mwema. Lakini nahitaji sababu, na yeye hanipi. Nafikiria kuweka mlinzi wa kawaida, kazi ya kuangalia niifanye mwenyewe. Unaonaje?"

Nikamwambia, "Fanya unavyoona, Injinia."

Na wiki hiyo hiyo nikapata simu ya mnara Kigoma. Mnanijua sasa. Nilikuwa kwenye treni kabla Masanja hajarudisha simu ya mradi.

Nasikia aliirudisha ikiwa imefutwa vumbi, imefungwa kwenye kitambaa. Hakuuliza kitu. Alimwambia Injinia, "Asante mwanangu, nimejifunza kuongea kifupi." Miezi haikupita mingi akaenda kisiwa cha Kome, kwenye kambi ya dagaa.

Nilirudi Mwanza kazi ya Kigoma ilipokwisha. Injinia akanipigia, wanataka kuinua antena ya upande wa mawe, niende nikasaidie. Tukavuka pamoja.

Tulipofika gati upande wa Kamanga tukakaa kwenye kibanda cha mama mmoja wa chapati, pale chini ya ghala letu. Injinia akafungua laptop juu ya benchi, anaangalia link. Ilikuwa kijani, safi, jua kali.

Yule mama akasimama ghafla akaanza kuondoa masufuria yake njiani.

"Jamani, inueni na nyie mizigo yenu. Feli hiyo."

Injinia hakuinua macho kwenye laptop. "Haijafeli mama. Iko vizuri."

"Nani kasema imefeli? Nasema feli. Feli hiyo inakuja, na imebeba malori, watanikanyagia unga wangu."

Injinia akainua kichwa. Nami nikainua.

Pantoni ilikuwa inaingia. Na mbele kabisa juu yake kulikuwa na lori limepakia magodoro, yamepangwa mpaka juu, yamefungwa kamba, yamesimama kama nyumba ya ghorofa inayotembea juu ya maji.

Lile lori likapita katikati ya ghala na mawe.

Laptop ikalia. Nyekundu.

Yule mama akatuangalia, akaona sura zetu, akasema taratibu kama anaongea na wagonjwa, "Si ndiyo feli hiyo? Au kwenu mnaiitaje?"

Wakuu, kwa msiotoka kanda yetu nifafanue. Watu wa Mwanza chombo kile wanakiita feri. Na Msukuma wa kweli kweli herufi ya R ni mgeni kwake. Barabara ni balabala. Feri ni feli.

Injinia Atu yeye alikuwa anasema kivuko, kama kilivyoandikwa kwenye ubao. Na mimi, mtoto wa Kamanga, niliyevuka kwa hiyo feri kila shule ikifunguliwa na kila ikifungwa, miaka yote ya Kigamboni ilikuwa imenigeuza. Kule chombo ni pantoni. Ukisema feri kule, watu wanafikiria soko la samaki.

"Wewe feli si unaijua tangu unasoma?"

Alikuwa ananikumbusha feri. Tulikuwa tunavuka wote, yeye akiwa amenibebea sanduku langu la shule kichwani mpaka ng'ambo, halafu anarudi peke yake.

Injinia akatafuta voice note za zamani kwenye simu yake. Akaanza kuzicheza pale kwenye benchi, moja baada ya nyingine. Feli. Feli. Feli. Ukisikiliza unajua sasa, nyuma ya nyingine kuna mngurumo wa injini, na moja ina honi kabisa, ndefu, inamalizikia baada ya sauti ya Masanja.

Akaizima simu.

"Nilimwomba neno moja," akasema. "Akanipa. Nikamwambia haitoshi."

Nilitaka kumwambia kosa si lake. Lakini yeye ni wa Tukuyu. Ana kisingizio. Mimi ninatoka pale pale tulipokuwa tumekaa.

Kuhusu mitambo, najua wapo watakaotaka kujua iliishaje, nimalizie.

Tulipopima upya tulielewa. Tangu vipimo vya kiangazi ziwa lilikuwa limepanda, na feri imepanda nalo. Ikiwa na abiria na magari madogo bado inapita chini ya mwale. Ikibeba lori la mzigo mrefu, magodoro, mkaa, marobota ya pamba, inaukata. Ndiyo maana ilikuwa leo inakata, kesho haikati, tunabaki kushuku betri.

Kuinua antena peke yake kusingetosha, maana ziwa halijaahidi mtu kwamba limefika mwisho. Injinia akafanya jambo ambalo mpaka leo nalipenda. Tulifunga bamba pana la alumini kwenye jiwe moja juu zaidi, likageuzwa kwa pembe yake, kama unavyoweka kioo dukani kuona kona usiyoiona. Mwale ukapata njia ya pili. Mtambo ukafundishwa kusikiliza njia zote mbili kwa wakati mmoja, na ile ya kwanza ikianza tu kufifia, kabla haijakatika, unahamia ya pili. Na chini yake tukaweka redio ya kawaida, ya polepole, kwa siku ambazo mvua inazifunga njia zote.

Ikasimama. Taa nyekundu ikawa kitu cha nadra. Walimu wa Injinia wakafurahi sana. Yule mzee wa vitambaa akaacha kuuliza kama mtandao umeamka.

Injinia hakufurahi kihivyo. Siku moja akaniita, akanipa simu yake nimtumie Masanja voice note aliyorekodi. Nikamwambia kwamba Masanja huko aliko simu haipatikani, na hata ikipatikana yake ni ya tochi. Akasema, "Basi mpelekee."

Nikaenda Kome.

Nilimkuta kambini anageuza dagaa kwenye mchanga. Amepungua. Mikono imerudia ule weusi wa kamba na maji.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Umekuja kupanda mnara? Huku hakuna, labda upande mlingoti wa mtumbwi."

Nikamsimulia yote. Magodoro, mama wa chapati, bamba la alumini. Nilitegemea atacheka, kwa sababu ni jambo la kuchekesha ukilitazama kwa upande fulani. Hakucheka. Aliendelea kugeuza dagaa, taratibu, mpaka nilipomaliza.

Nikamwekea voice note ya Injinia. Ilikuwa ndefu. Ilianza na salamu, ikauliza hali ya Mama Kulwa, ikauliza hata ng'ombe wa baba Njile kama mguu ulipona. Kisha ikaomba radhi, na ikasema kazi ipo, arudi, na kwamba safari hii aongee kwa maneno mengi anavyotaka.

Akaniomba niirudie. Nikairudia.

"Anaongea vizuri huyu binti," akasema. "Siku hizi anasalimia."

"Sasa kaka, turudi. Kazi ni yako."

"Na nikifika niseme nini?"

"Sema vilevile. Sasa tunaelewa."

"Sasa mnaelewa." Akatikisa mchanga mikononi. "Shija, mimi sikukasirika na yule binti. Yeye si wa kwetu. Mimi nilikuwa nasema, halafu najiambia, mdogo wangu yupo pale, atamwelewesha. Kila siku najiambia hivyo."

Nikageuza dagaa wachache waliokuwa mbele yangu.

"Ulimwapia Mama Kulwa," nikasema, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Nilimwapia. Na nikakaa nchi kavu nikaongea na watu, wakaniona kama mtu asiye na akili." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Huku, mdogo wangu, nikisema feli, watu wote wanageuka kuangalia ziwa."

Kisha akaenda kukagua betri za taa za mtumbwi. Walikuwa wanatoka jioni hiyo.

Niliporudi Kamanga nilipitia kwa Mama Kulwa kumpa salamu na dagaa alizonipa Masanja. Alipokea. Akaniletea uji. Nilipomaliza akachukua kikombe, akasema, "Shemeji, kwa ile kazi wewe ndiye uliyemtoa majini." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ningependa ingekuwa ya ugomvi.

Nilichojifunza wakuu ni kidogo, na kimekuja kimechelewa.

Mtu wenu akiwaambia kitu kile kile mara nyingi, tena bila hasira, msimalizie kwamba hajui. Mwulizeni, "Hicho unachokitaja nionyeshe." Ingetosha mmoja wetu avuke asubuhi moja, akae naye kwenye mawe, Masanja anyooshe kidole. Tulipanda ghala, tukabadilisha nyaya za gharama, tukakosa kumwambia mtu anyooshe kidole.

Na kwa wenzangu tunaozunguka nchi hii. Tunajisifu kwamba tumejua lugha za kila mahali, pantoni za Dar, misemo ya Kigoma. Mjikague na mlichodondosha njiani. Mimi nilikuwa naota nyumbani kila siku, na nyumbani kulipoongea nami kwa simu, nikasikia matokeo yangu ya form four.

Sasa hivi nipo Mwanza bado. Nimekaa muda mrefu kuliko nilivyozoea, na miguu inawasha, lakini nimeiambia itulie kwanza. Nimekwenda Kome tena mara mbili. Tunaongea vizuri, tunakula pamoja, na habari ya kazi nikiigusa anabadilisha mazungumzo kwa adabu kabisa.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye neno la kwao lililowahi kusikika vibaya likamgharimu mtu, aliweke hapa, nitasoma yote. Wa mitambo pia waulize, nitajibu ninachojua, nisichojua nitamwuliza Injinia.

Ila zaidi ya yote namwomba yeyote aliyewahi kumrudisha mtu mzima ambaye ameshakataa kwa heshima, anieleze alianzaje. Msimu wa upepo umeanza huku, na kaka yangu bado yuko majini.